Kisanduku Kwenye Pazia

Katika kiwanda kile chote hapakuwa na mchoraji wa vitambaa wa kumfikia Shangazi. Alilisema hilo mwenyewe kila asubuhi, akivua viatu vya njiani na kuvaa ndala za kazini. "Sina mpinzani," alisema. "Waliokuwa wakinipinga wamestaafu, mmoja nilimzika kwa mikono yangu. Tumebaki mimi na huyu mtoto. Na huyu mtoto ananishinda."

Huyo mtoto alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Alikuwa binti wa kaka yake, na kiwandani walimwita Kinanda, kwa vile vidole vyake vilikimbia juu ya kibodi kama mtu anayepiga muziki ambao wengine hawausikii. Yeye ndiye aliyeleta programu.

Kabla ya programu, Shangazi alichora jani moja kwa kalamu ya risasi, kisha akalichora tena mara mia mbili, yote yafanane, mpaka shingo ikagoma kugeuka. Kinanda alipoajiriwa akaona hiyo si kazi, ni adhabu. Akajifunza mwenyewe kuiandikia kompyuta maagizo, mstari kwa mstari, hadi ikaelewa. Sasa Shangazi alichora jani moja tu, likaingizwa ndani, na kila alipobofya kipanya jani likaota pale mshale ulipo. Baada ya hapo programu iliyapanga yale majani kama askari wa gwaride, au ikayatawanya kama kuku waliomwagiwa mtama, vyovyote unavyotaka.

Ugumu ulikuwa katika huko kutaka. Kubadili rangi ilikuwa herufi moja kwenye kibodi. Kugeuza jani, herufi nyingine. Kulikuza, kulipeleka nyuma ya mwenzake, kulifuta, kuhifadhi kazi: zote pamoja zilikuwa herufi kumi na tisa. Kinanda aliziandika kwenye karatasi akaibandika ukutani. Shangazi alisoma mpaka darasa la saba na aliimaliza shule akiwa na akili zake, kwa hiyo kusoma hakukumshinda. Ila akiinua macho kwenda ukutani, akayarudisha kwenye kibodi, akaanza kuitafuta herufi yenyewe, mkono ulikuwa umeshasahau ulichokuwa ukikitaka. Mara tatu ndani ya mwezi mmoja alifuta kazi ya siku nzima. Mara ya tatu alikaa akaitazama skrini nyeupe, akasema taratibu, "Nimepiga deki."

Meneja alikuwa akihesabu.

Mbele yake watu walimwita Bosi. Nyuma yake walimwita Nilishasema. Kitu kikienda vizuri, nilishasema kitaenda vizuri. Kikiharibika, nilishasema kitaharibika. Kama mvua ingenyesha juu kwenda chini, kama kawaida yake, naye alishasema. Alikuwa mdogo wa mume wa Mkurugenzi, na hicho ndicho kilikuwa cheti chake cha kwanza na cha mwisho. Kiwanda alikiendesha kwa simu ya mkononi. Kompyuta ya mezani kwake ilikuwa bado imevikwa kitambaa cha kuzuia vumbi.

Alikuja akasimama kwenye mlango wa chumba cha michoro, mikono nyuma.

"Mama, umri ni baraka," alisema.

"Ni baraka kweli," Shangazi akajibu, "ila naona umeanza kunisomea wasifu wa marehemu."

"Hapana, Mama. Mwisho wa mwezi tunakuhamishia kwenye kukunja vitambaa. Kazi nyepesi. Huku kompyuta zinakusumbua bure."

Chumba cha kukunjia hakikuwa na dirisha wala kiti. Vijana wenye mapaja kama magogo walisimama humo kutwa nzima wakiinua majora ya kilo ishirini, na jioni walitoka wakichechemea. Shangazi alikuwa na goti moja zima na jingine la kumsindikiza mwenzake. Akufukuzaye hakwambii toka.

Meneja alipoondoka, Shangazi hakulia. Alinyoosha penseli zake mezani, moja baada ya nyingine, kisha akazinyoosha tena.

"Nipe wiki mbili," Kinanda alisema.

"Za kufanya nini? Kunifundisha herufi? Mwanangu, kichwa hiki kimeshajaa. Ukitia kingine, kinatoka jina la baba yako."

"Basi niambie wewe unataka ifanyeje."

Shangazi alifikiri. "Mimi nikiwa na jani, nataka nilishike, niliulize: wewe nikufanyeje? Nalo linijibu. Siyo niache jani hapa, niende ukutani kuulizia habari zake."

Kinanda aliacha kuchezesha mguu chini ya meza. Huyo alikuwa na kawaida ya kuchezesha mguu. Ukitulia, ujue kichwa kimeanza kukimbia.

"Kitufe cha kulia," alisema.

"Kitufe gani?"

"Cha kipanya. Tunatumia cha kushoto tu, cha kulia kimekaa bure tangu kilipotengenezwa. Unaweka mshale juu ya jani, unabofya kulia, na pale pale ubavuni mwa jani kinafunguka kisanduku chenye maneno: Badili rangi, Geuza, Kuza, Rudufu, Peleka nyuma, Hifadhi, Futa. Unachagua moja, kisanduku kinaondoka. Huhitaji kukumbuka kitu."

"Na Futa iwe ya mwisho kabisa," Shangazi alisema, "mbali na wenzake."

Ukisikia hivyo utadhani ni kazi ya asubuhi moja. Siku ya kwanza Kinanda alibofya kulia, kikafunguka kisanduku, lakini si chake. Kilikuwa kile ambacho kompyuta imezaliwa nacho, chenye maneno ya kwake yasiyohusiana na majani, kikakaa juu ya kile kipya na kukifunika. Siku mbili zikaisha kwa kuwaamulia hao wawili. Kisanduku chake kilipopata nafasi, Shangazi alibofya neno Geuza, na jani likageuka kweli, ila chini ya kisanduku likaota jani jingine ambalo hakuna aliyeliomba. Kila alipochagua neno, kubofya kulipenya hadi chini kama maji kwenye kikapu, na programu ikadhani anachora. Baada ya hapo ikaonekana kwamba ukibofya jani lililo pembeni kabisa mwa skrini, kisanduku kinafungukia nje, nusu kinaonekana na nusu kimetokomea, kama mtu aliyekaa ukingoni mwa kitanda cha wageni.

Kinanda aliyarekebisha moja baada ya jingine. Hakula vizuri, na alipozungumza na mume wake kwenye simu alijibu "ndiyo" kwa kila kitu, hata pale alipoulizwa yuko wapi.

Siku ya kumi na moja Shangazi alikaa, akaweka mshale juu ya jani, akabofya kulia. Kisanduku kikafunguka, cha kijivu, maneno saba, herufi kubwa za kutosha macho yake. Akachagua. Jani likawa jekundu. Akabofya jingine, akalikuza. Jingine akalipeleka nyuma. Hadi saa nane mchana alikuwa amemaliza mchoro ambao mwezi uliopita ungemla juma zima, na alikuwa akiyasemesha majani. "Na wewe unataka nini? Haya, geuka. Umependeza, sasa mpishe mwenzako."

"Kitu kimoja, Shangazi," Kinanda alisema. "Hilo neno Hifadhi usiliguse kwanza. Programu inahifadhi kwa kupiga picha ya kila kilichopo kwenye skrini. Sasa wakati unalichagua, kisanduku chenyewe bado kiko wazi, kwa hiyo nacho kinaingia kwenye picha. Kesho nampeleka mtoto kliniki, keshokutwa nakirekebisha. Kwa sasa hifadhi kwa herufi ya zamani. Hiyo moja nimekuandikia mkononi."

Kweli alikuwa amemwandikia kiganjani kwa kalamu, kama mtoto wa shule anayeingia na majibu kwenye mtihani.

Kesho yake, Kinanda akiwa kliniki, Meneja akaingia na watu wawili. Mmoja alikuwa Mkurugenzi, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, ambaye katika mwezi alifika kiwandani mara mbili. Wa pili alikuwa mwenye hoteli, aliyetaka mapazia ya vyumba ishirini.

"Nilikaa nikajiuliza," Meneja alikuwa akisema tangu huko kwenye korido, "hawa kina mama wetu tutawasaidiaje na teknolojia? Ndipo nikaitengeneza hii. Mama, waonyeshe."

Shangazi alibofya kulia juu ya jani. Kisanduku kikafunguka. Mwenye hoteli akainama, akatabasamu.

"Umeitengeneza wewe mwenyewe, shemeji?" Mkurugenzi akauliza.

"Mwenyewe. Kinanda alinisaidia kuchapa."

Shangazi alihisi damu ikimpanda kutoka kwenye ndala hadi masikioni. Kuchapa. Siku kumi na moja za kutokula, yale majani yaliyoota bila kuombwa, kisanduku kilichotokomea nje ya skrini, vyote hivyo vimegeuka kuwa kuchapa.

"Aliyetengeneza hii," alianza, "ni—"

"Mama anataka kusema kila mmoja alichangia," Meneja akamkatiza, na hapo hapo simu ya Mkurugenzi ikalia, akatoka nayo nje, mwenye hoteli akamfuata. Gari likaondoka na maneno ya Shangazi yakiwa bado yamemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Meneja hakuondoka. "Hayo majani mteja ameyapenda. Hifadhi, yaende kwenye printa sasa hivi."

Shangazi alifungua kiganja chake kuitazama herufi.

"Unafanya nini? Si kuna neno Hifadhi hapo kwenye kisanduku?"

"Hilo bado. Mwanangu kasema lisiguswe, kisanduku kitaingia kwenye picha."

"Mwenye hiki kisanduku, hii menyu, ni nani?"

"Hilo hata mimi nalishangaa."

"Bofya, Mama. Nilishasema."

Ni amri ya bosi. Shangazi alibofya Hifadhi.

"Umeona? Rahisi," Meneja alisema. Kisha, akiwa ameshashika kitasa cha mlango, akaongeza kama mtu aliyekumbuka mwavuli wake, "Na kwa kuwa sasa kazi imekuwa nyepesi namna hii, hakuna haja ya watu wawili humu. Tusisubiri mwisho wa mwezi. Jumatatu uanze kule kwenye kukunja."

Kinanda alirudi kesho yake na hakuambiwa habari yoyote hadi alipovua koti. Shangazi alimweleza yote, neno kwa neno, na alipofika kwenye "alinisaidia kuchapa" alilisema kwa sauti ya Meneja hasa, ile ya puani.

"Nimechonga mwiko ili nikupakulie chakula," Kinanda alisema, "yeye kauchukua kukupigia."

"Na ana mkono mzito."

"Mimi sinyamazi, Shangazi. Namwandikia Mkurugenzi leo leo. Nitamwandikia kila mstari nilioandika na tarehe yake."

"Mwandikie. Ila kuna jambo lingine. Aliniamuru nibofye Hifadhi, nikabofya. Yameshapelekwa."

"Yamepelekwa wapi?"

"Kwenye printa. Tangu jana."

Kinanda alitoka mbio, na Shangazi akamfuata kwa goti moja na msindikizaji wake.

Kwenye ukumbi wa printa kitambaa kilikuwa kimetandazwa kwenye kamba za kukaushia, mita sitini, kutoka ukuta hadi ukuta. Majani yalikuwa yametoka vizuri ajabu, mekundu na ya kijani. Na katikati ya majani, kila picha iliporudiwa, yaani kila baada ya mkono mmoja, palikuwa na kisanduku cha kijivu. Badili rangi. Geuza. Kuza. Rudufu. Peleka nyuma. Hifadhi. Futa. Mita sitini nzima, juu hadi chini, bila kuruka hata kimoja. Mgeni wa hoteli angeamka asubuhi, afungue macho, na dirisha limwambie ajigeuze.

"Nilimuuliza Meneja," fundi wa printa alijitetea kabla hajaulizwa. "Nikamwambia, Bosi, hivi viboksi ni vya nini? Akaniambia ndio mtindo wa kisasa. Akasema alishasema."

Kinanda alishika pindo la kitambaa akalitazama kama mtu anayetazama kidonda cha mtoto wake. "Watasema ni kazi yangu," alisema. "Ikiwa nzuri ni yake, ikiwa mbaya ni yangu. Ngoja uone."

Hawakungoja sana. Saa nne Mkurugenzi akafika na mwenye hoteli kuchukua kitambaa cha mapazia. Mwenye hoteli alitembea chini ya kamba, akasoma kwa sauti, "Peleka nyuma," akageuka kuangalia nyuma yake. Hakuna aliyethubutu kucheka. Mkurugenzi alivaa miwani, akakisoma kisanduku kimoja chote, akaenda kwenye kingine akakuta ni kile kile.

"Nani anieleze," alisema.

"Mkurugenzi, hili linasikitisha," Meneja akaanza. Jasho lilikuwa limejipanga juu ya mdomo wake. "Huyu binti ndiye aliyetengeneza hiyo menyu. Nilishamwambia awe makini."

"Shemeji, jana uliniambia umeitengeneza wewe. Mbele ya mteja huyu huyu."

"Menyu nimetengeneza mimi," Meneja akasema. "Makosa ndiyo yake."

Hapo Shangazi akashindwa kuvumilia. "Mkurugenzi, naomba niseme, na safari hii nisikatizwe," alisema, na hakupaza sauti, ila fundi wa printa alizima mashine. "Mimi nilikuwa naondolewa kwenye kiti changu kwa sababu herufi zimenishinda. Huyu mwanangu akatengeneza kile kisanduku, siku kumi na moja, ili nibaki. Akanionya Hifadhi isiguswe. Nikamwonya Meneja. Akaniamuru nibofye. Kisha akaniambia, kwa kuwa kisanduku kimefanya kazi iwe rahisi, Jumatatu niende kukunja. Kazi ya huyu binti ya kuniweka ndiyo imetumika kunitoa. Kama kuna mtu anaona hilo ni sawa, anifafanulie polepole, mimi ni wa darasa la saba."

Mkurugenzi alimtazama, akamtazama Kinanda, akamtazama shemeji yake.

"Ni uongo," Meneja alisema. "Mama ana uchungu wa kuhamishwa, namwelewa. Hiyo hitilafu ni ndogo tu. Naweza kuiondoa mwenyewe dakika hii."

"Vizuri," Mkurugenzi alisema. "Twende ukaiondoe. Ukiweza, neno lako limesimama, na Jumatatu Shangazi ataenda kukunja. Usipoweza, nitajua nani wa kumtafutia kazi nyepesi."

Wakaongozana hadi chumba cha michoro. Meneja akakikalia kiti cha Shangazi, kikapiga kelele. Kinanda alikuwa ametia mikono yote miwili mifukoni, na Shangazi alisimama mlangoni, goti likimwuma, akiwa hana hakika kama kiti kile atakikalia tena. Hata mjinga hubahatisha.

"Anza kwa kukifungua hicho kisanduku," Mkurugenzi alisema, "tukione wote."

Meneja akashika kipanya kwa mkono mzima, kama anayeshika kiazi cha moto. Akaupeleka mshale katikati ya skrini, akabofya. Likaota jani.

Akabofya tena. Jani la pili.

"Leo inasuasua," alisema.

Akabofya mara tatu kwa haraka. Majani matatu yakaota, moja juu ya jingine, kijani kibichi.

"Ni mtandao," alisema.

"Hii haitumii mtandao," Kinanda akamwambia kwa upole.

Meneja akahama upande wa kulia wa skrini, huko pia likaota jani. Akaenda juu. Jani. Mwenye hoteli alivuta kiti cha pembeni akakaa, kama mtu aliyegundua kwamba onyesho halina kiingilio.

"Shemeji," Mkurugenzi aliuliza, "kisanduku ulichokitengeneza kinafunguliwa kwa kitufe kipi? Cha kushoto au cha kulia?"

Meneja alikiinua kipanya. Akakitazama juu, akakitazama pembeni, akakigeuza akakitazama tumboni, ambako palikuwa na taa nyekundu na hapakuwa na maandishi.

"Mimi nilikitengeneza," alisema, "ili kifunguke chenyewe."

Akakirudisha mezani, kidole kikateleza, na katikati ya skrini likaota jani la nane.